Kiti cha Makaburini Kilichomwinua Fundi Sharifu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaa wa Masuguru mjini Korogwe ndiyo kwanza unafungua milango. Kwenye baraza ya duka lake la ushonaji, Sharifu Mbaruku anakaa juu ya kigoda, anakunja mikono kifuani, anavuta pumzi na kusimama. Anakaa tena. Anasimama tena. Magoti yanalia, jasho linamtoka, lakini mikono haigusi kitu.

"Nane," anahesabu. "Tisa."

Akifika kumi anashika vidumu viwili vya maji, vya lita tano kila kimoja, na kuvinyanyua kutoka chini hadi kiunoni. Ana umri wa miaka 67. Wiki za mwanzo wapita njia walimcheka, wakamuuliza kama fundi anataka kuoa mke wa pili. Hakuwajibu, maana jibu lenyewe halisemeki barabarani.

Jibu liko Sindeni, wilayani Handeni, kwenye kaburi la dada yake.

Fundi Sharifu ameshona kwa miaka 41: sare za shule, kanzu, magauni ya harusi. Ni kazi ya kukaa. Na kadiri mvi zilivyoongezeka, ndivyo watu walivyozidi kumkalisha. Akienda kuchota maji, jirani anampokea ndoo. Akiinuka kufuata mzigo wa vitambaa, mtu anamwambia, mzee kaa, nitakuletea. Hata msikitini, goti lilipoanza kusumbua, alisogezewa kiti cha plastiki, naye akahamia hapo moja kwa moja.

"Niliona ni heshima," anasema. "Na ni heshima kweli, hawakunikosea. Mimi ndiye niliyeipokea yote, sikujibakizia hata ndoo moja."

Dada yake Yusra, aliyemzidi miaka sita, hakukubali kukalishwa. Alishika jembe hadi mwaka wake wa mwisho. Kila alipokuja Korogwe alimtania mdogo wake kwamba miguu yake imebaki ya kukanyagia cherehani tu, kisha akamsihi ainuke, walau atembee. Sharifu alikuwa akicheka na kuagiza chai.

Mwaka juzi Yusra alifariki ghafla. Mumewe alishatangulia, mtoto wa kiume hakujaliwa, na Sharifu ndiye aliyekuwa ndugu yake pekee wa kiume. Kwa Waislamu wa huku, mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wa damu yake. Zamu ilikuwa yake, na watu wakampisha.

Aliteremsha mguu mmoja. Goti likatetemeka, udongo wa ukingoni ukamomonyoka, na lau si vijana wawili kumdaka kwapani, angemtangulia dada yake mle ndani. Wakamvuta juu kwa adabu zote. Mmoja akamwambia, mzee kaa, sisi tupo. Kikaletwa kiti cha plastiki, kikawekwa kando ya kaburi.

Akakaa. Aliyeshuka ni Iddy, jirani wa marehemu, kijana mwema lakini si ndugu.

Fundi anachukua futi yake ya kupimia. Anaikunjua, anaikunja tena.

"Yusra alinibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua," anasema. "Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alinibeba njia nzima, hakunitua. Mimi nilitakiwa kumpokea tu, nikaletewa kiti."

Miezi mitatu baada ya mazishi alimfuata Mwalimu Justa, mwalimu wa michezo mstaafu anayewafanyisha wazee mazoezi uani kwake mara mbili kwa wiki. Sharifu alitaka dawa ya magoti. Mwalimu alimtuma kwanza kwa daktari, akamwambia akitoka huko aje na kigoda chake. Justa ana miaka 62. Humwamkia fundi shikamoo kwa unyenyekevu, halafu humwamrisha kama mtoto wa darasa la tatu.

"Wazee wengi wanadhani nguvu ikiondoka imeondoka," anasema Justa. "Misuli ya mzee bado inajengeka, ila polepole. Lazima uipe kazi inayoilemea kidogo, na uilishe. Huwezi kuijenga kwa chai na maandazi."

Siku hizi fundi anakula maharage, dagaa na mayai. Kigoda nacho kina utaratibu wake: akiweza kuinuka mara kumi bila kujishika popote, kwa wiki nzima, anakikata miguu inchi moja. Kilianza na inchi 19. Sasa kimebaki na 11.

Anataka Ramadhani ijayo imkute amekiacha kile kiti cha msikitini, anasujudu kwenye mkeka na kuinuka mwenyewe. Kuna jambo jingine pia. Dada yao mkubwa, Bi Fatu, mwenye miaka 77, bado yuko Sindeni. Aliposikia habari za vidumu alimpigia simu kumuuliza kama anajifua ili amzike.

"Nikamwambia ndiyo, dada. Akacheka, akasema nisiwe na haraka."

Fundi naye anacheka kidogo, kisha kicheko kinamkatikia.

"Kwa Fatu nitashuka, Mungu akitupa umri. Lakini Yusra hawezi kuzikwa mara ya pili."

Anakigeuza kigoda miguu juu, anaweka alama kwa chaki ya kukatia nguo na kuchukua msumeno. Sabiri, mwenye duka la jirani, anamwona ameinama na kuja mbio kumpokea.

"Niachie, Sabiri," anasema fundi. "Hii niachie."