TV ya Chogo ya Marehemu Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Ilula kumhamisha mama. Magoti yamemchoka, na mimi nimechoka kupigiwa simu na majirani kwamba ameteleza tena akienda bombani. Nilimwambia turudi Mbeya, akae kwangu, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Vijana niliowakodi wakatoa vitanda, masufuria na magunia ya mahindi, mpaka wakafika sebuleni, kwenye kabati, mbele ya kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Mmoja akafunua, akacheka. Akaniuliza kama hilo chogo tunalitupa au tunawaachia watoto wa jirani wakachezee. Mwili wote ulikuwa umenisisimka, mchana kweupe.

Kama na wewe umekulia miaka ile, ndugu yangu, TV ya chogo unaijua. Watoto wa siku hizi wanapita na TV kwapani kama mkeka. Ya kwetu ilikuwa na mgongo mkubwa nyuma, na mbele kioo kizito kilichotuna, na kuihamisha toka ukuta huu hadi ule ilikuwa shughuli ya wanaume. Tulikuwa tumepanga Mbalizi, jirani na Mbeya mjini, wakati huo, na mtaa mzima ulikuwa unakuja kuangalia kwetu. Viatu vilirundikana mlangoni, makoti ya mvua yakatoa mvuke karibu na jiko la mkaa, na sebule yote ikanuka kande na viazi vya kuchoma. Picha ikichafuka, mtu anatumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena, na sisi ndani tunampigia kelele: hapohapo, usiguse tena! Baba hakuwa mtu wa maneno. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari alitoa leso mfukoni, akakifuta kioo polepole, halafu akarudi kwenye kiti chake cha mbao nyuma yetu. Hata hatukuhitaji kugeuka. Tulijua yupo.

Alifariki wakati wa baridi, akaenda kuzikwa kwao juu mlimani. Kwetu, msiba ukiingia, redio na TV vinanyamaza, na TV inafunikwa kabisa mpaka matanga yaishe. Mama aliifunika kwa kitenge chake. Matanga yalipoisha akakitoa kitenge, lakini hakuiwasha. Alikaa tu mbele yake alasiri nzima, huku kioo kikiwa cheusi, na mimi nikakaa naye. Unajua kioo kile kikizimwa kilivyokuwa: sebule nzima iko mle, ndogo, imepinda, mlango, dirisha, sisi wawili, na nyuma yetu kile kiti. Na kile kiti, mle kiooni, hakikuwa kitupu. Usinicheke. Nilikuwa mtoto, sikuwa kipofu. Niligeuka, kiti kitupu. Nikarudi kiooni, macho yangu na ya mama yakakutana mle ndani. Kuanzia hapo ndiyo ikawa kazi yetu ya kila alasiri.

Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake, na bibi, mama yake mama, akatuma habari kwamba binti yake arudi Ilula. Mama alilia sana, si kwa ajili ya nyumba. Nilimsikia akimwambia jirani yetu mke wa mwalimu, huku wakimenya viazi: "Kaburi siwezi kulibeba, mwenzangu. Hiki angalau kinapakiwa." Mke wa mwalimu alidhani anasema ukumbusho. Mimi nilijua anasema nini. Kioo kikipasuka njiani, tunafika Ilula bila baba.

Siku ya kuhama, mwalimu mwenyewe, ambaye alifundisha sayansi sekondari, alikuja kuibeba. Alisema uzito wote wa TV uko kwenye kioo, kwa hiyo anayebeba anakikumbatia kioo kifuani na chogo linaangalia nje. Akafanya hivyo, hatua kwa hatua mpaka barabarani, mjomba, aliyetumwa na bibi kutuchukua, akimwongoza. Mama aliwatazama, akaingia ndani kufuta macho. Kwa mbali mwalimu na ile TV walikuwa kama watu wawili wanaoagana.

Ubishi ukaanzia kwenye lori la Fuso. Ikisimama wima itaanguka kwenye matuta, dereva alisema, na ndani ya gari hapakuwa na pa kuiegemeza. Mwalimu akasema basi ilazwe juu ya godoro, kioo chini, maana nyuma ya lile chogo kuna shingo ya kioo, nyembamba, na haihimili chochote. Kila mtu akakubali isipokuwa mama. Alisimama mbele ya godoro akakunja mikono. Akasema kwao mtu halazwi kifudifudi. Mwalimu akamwelewesha kwa upole kwamba hii ni TV, shemeji, si mtu. Mama hakusogea pale. Nani angebishana na mjane ambaye udongo wa kaburi la mumewe haujakauka? Wakailaza chali. Kioo kikaangalia mbinguni, chogo likazama godoroni, wakaizungushia mablanketi yote tuliyokuwa nayo, na mama akakataa kukaa mbele na dereva. Tukapanda nyuma, mimi na yeye, kila mmoja ubavu mmoja, mkono juu ya kioo. Mawingu yalipita mle ndani njia nzima. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, tena kwa hasira.

Matuta hayakutudhuru. Tulidhurika tumesimama. Tulipofika Igawa, kwenye soko la mchele njiani, dereva alizima gari akanunue mchele, kama wafanyavyo madereva wote, na utingo akalipandisha gunia akalibwaga kwenye godoro, pembeni ya TV. Godoro likadidimia. Kikasikika kitu kidogo, tk, kama kijiti kinachovunjika, na baada yake pumzi. Pumzi ndefu, ndugu yangu, ya mtu aliyechoka akishusha mzigo. Ikatoka, ikatoka, ikaisha. Kioo chini ya kiganja changu kilikuwa kizima, bila hata mkwaruzo. Mama akasema, "Ameondoka." Hakupiga kelele. Akakifunika kioo kwa blanketi mpaka juu. Ilula, bibi alitupokea barazani kwa kamwene zake, salamu ya kwao, akauliza mbona tumepauka namna hii.

Fundi wa pale Ilula aliifungua, akasema ile shingo imekatika, hewa imeingia ndani, na ile sauti ndiyo hiyo hewa. Sawa. Nimesoma, najua habari za hewa. Lakini nilikaa mbele ya kile kioo alasiri nyingi baada ya hapo, kiti cha baba tumekiweka nyuma kama zamani, na niliona sebule ya bibi, niliona mama, nilijiona mimi. Kiti kilikuwa kiti. Mama aliendelea kukifuta kioo kwa leso ileile ya baba, na mchele wa Igawa haukuingia tena nyumbani kwetu, hata wa kupewa bure.

Basi ndiyo hiyo waliyokuwa wanataka kuitupa. Mama aliposikia swali la yule kijana akasema inakwenda, tena inakwenda pamoja naye. Nikatandika godoro garini mwenyewe, nikajiandaa kwa ubishi. Nilitaka niwaambie vijana waigeuze kioo chini nikaogopa. Mama akasogea na fimbo yake, akakigusa kioo. "Kigeuzeni tu," akasema. "Aliyekuwemo hayumo."

Safari hii tulikaa mbele. Tulipofika Igawa akaomba gari lizimwe. Injini inapoa, wauza mchele wanatuita madirishani, na mimi nasikiliza nyuma mpaka masikio yanauma. Hapakuwa na kitu. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa.

"Kumbe alishuka hapa," akasema. Akafungua dirisha, akanunua mchele.

TV iko kwangu sasa, kwenye kona. Ile nyembamba iko ukutani, inawaka kutwa nzima, na kila mtu anaangalia simu yake. Viatu havirundikani mlangoni. Mlingoti wa antena sijauona mahali siku nyingi, na kile kiti cha baba kililiwa na mchwa Ilula, nami sikuwepo. Kwenye kaburi tumeshampeleka mama, akang'oa majani, akakaa kidogo, akasema twende, hapa hakuna mtu. Lakini kila nikipita Igawa kikazi nashusha kioo cha gari, hata kama kuna vumbi, na kusema kamwene. Halafu nasubiri kidogo ndipo nikipandishe.