Makamu Asiye na Kura

Salvatory hufunga mizigo. Ukinunua wanasesere soko la Yide Lu, viatu kwa mtu mwingine na taa za mapambo kwa mwingine tena, yeye ndiye anayevikusanya kwenye ghala la Sanyuanli, akavipanga na kuvizungushia utepe wa gundi hata kontena likifika Unguja hakuna hata kimoja kilichovunjika. Tangu nije Guangzhou sijampa mtu mwingine mzigo wangu. Na si kwa ajili ya kazi tu. Nikimsikia anavyomgombeza mchukuzi kwa Kiunguja kile, ambacho mchukuzi hakielewi hata kidogo, najihisi niko sokoni Darajani.

Amezaliwa Unguja, Kikwajuni. Baba yake alitoka Songea kuja kufundisha, mama yake alitoka Tabora, wakakutana kisiwani na hawakuondoka tena. Salvatory ni Mkristo anayeapa wallahi, na habari za nani kamuoa nani Kikwajuni nzima anazijua kuliko mimi Kazija niliyezaliwa hatua chache kutoka hapo. Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini baadaye nilipandwa na hasira.

Sisi Watanzania wa hapa tuna jumuiya. Mwanzoni ilikuwa na kamati moja, Wazanzibari tukalalamika kwamba tunamezwa. Bwana Murshid, Muunguja mwenzangu anayesafirisha vigae, mwenye sauti ya kukemea hata akikuombea dua, akasema basi tufanye kama nyumbani. Sote tukapiga makofi, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua nyumbani pakoje.

Nyumbani ni hivi, kwa ninavyofahamu mimi. Zanzibar ina serikali yake: ina Rais wake, mawaziri wake, Baraza la Wawakilishi la kutunga sheria zake, na mahakama zake. Hospitali, ardhi, skuli za watoto, hayo yake. Kisha ipo Serikali ya Muungano, inayoshika pasipoti, jeshi, mambo ya nje na mengine ya pamoja. Hapo mmenielewa? Vizuri. Sasa Bara, serikali yake iko wapi? Haina ya peke yake. Mambo ya Bara yanaendeshwa na hiyohiyo ya Muungano. Nikifika hapo kichwa huanza kuniuma, na nimesoma mpaka kidato cha nne, msinidharau.

Basi tukaunda vivyo hivyo. Kamati ya pamoja tukampa Burhani, mfanyabiashara wa Kariakoo, ishughulikie misiba, polisi na viza. Tawi la Zanzibar tukampa Murshid, lishughulikie maulidi, futari na harusi za Wazanzibari. Watu wa Bara hawakupata tawi. Mtu wa Tanga akitaka kuoza binti yake hapa, anaipeleka harusi kamati ya pamoja, ambamo na sisi Wazanzibari tumo, tunamchagulia hata rangi ya mapazia. Mwenye chumba tunachokodi mtaa wa Dengfeng, laoban mmoja mpole, yaani bosi kwa Kichina, aliuliza mkubwa wetu ni nani. Burhani na Murshid wakainua mikono kwa pamoja. Laoban akatazama huku, akatazama kule, akaenda zake kunywa chai.

Mwaka huu ukafika uchaguzi wa tawi. Salvatory aliniambia huku anakata utepe kwa meno, "Dada Kazija, mie sitaki cheo. Nataka siku ya kura jina langu liitwe pamoja na yenu. Basi." Siku ilipofika akaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Murshid alikuwa mlangoni.

"Salvatory! Umekuja kututembelea?"

"Nimekuja kupiga kura, Bwana Murshid."

Murshid akamshika bega. "Wewe ndugu yetu, hilo halina mjadala. Lakini tawi hili ni la wenye asili ya kule, na wazee wako ni wa Bara. Wewe, ndugu yangu, ni jambo la Muungano."

Watu wakacheka. Salvatory naye akacheka, ndivyo alivyo. Kisha akasema taratibu, "Mie mtu, Bwana Murshid."

Mimi nikawaka. "Murshid, huyu kazaliwa Kikwajuni! Wewe babu yako katoka wapi? Si Hadhramaut?"

"Bi Kazija, hayo usiyalete hapa."

Niliyaleta, tena yote, pamoja na ya shangazi yake. Uchaguzi ukaahirishwa kwa ajili ya kelele zangu.

Siku ya pili nikamchukua Salvatory mpaka kwa Burhani, maana nilidhani kamati ya pamoja ndiyo iliyo juu. Burhani akatukaribisha chai, akajikuna kichwa.

"Dada Kazija, nani Mzanzibari na nani siye, hilo si jambo la pamoja. Tulilikabidhi tawi. Nikiligusa, Murshid atasema Bara inaimeza Zanzibar."

"Basi mhesabu kuwa wa Bara."

"Nimhesabu wapi? Bara haina tawi. Halafu mwenyewe si kazaliwa Unguja?"

Salvatory akauliza, "Kwa hiyo mie wa wapi?"

"Wewe ni wa pamoja, kaka."

"Sote ni wa pamoja. Lakini wenzangu wana na kwao."

Burhani akamwongezea chai. Tulitoka pale mimi nimeduwaa, sijui nimlaumu nani. Murshid hakuvunja utaratibu, Burhani hakuvunja utaratibu, na mtu wangu alikuwa nje ya milango yote miwili.

Mngedhani imeishia hapo. Kwa desturi yetu, mwenyekiti wa kamati ya pamoja akitoka Bara, makamu wake hutoka Zanzibar. Makamu tuliyekuwa naye akafunga biashara akarudi nyumbani. Burhani akaomba tawi litoe mtu mwingine, na Murshid, aliyekuwa amenuna kwa mambo yao mengine, akagoma. Kamati bila makamu haiwezi kukaa. Burhani akazunguka wiki nzima anatafuta Mzanzibari, ghafla akakumbuka: Salvatory si kazaliwa Unguja? Kamati ikamchagua bila kupingwa.

Nilimpigia Burhani simu nikidhani anatania. "Tawi linasema si Mzanzibari, nyinyi mnamweka kwenye kiti cha Mzanzibari. Vipi?"

"Kwa upande wetu ni Mzanzibari. Kwa upande wao siye. Kila upande una mamlaka yake, na wote tuko sawa."

Nilikata simu. Nikakaa kwenye boksi la wanasesere, nimeshika tama. Nilijaribu kuyapanga maneno yale kichwani, yakagoma kupangika.

Uchaguzi wa tawi ukaitishwa upya, na kamati ya pamoja ikamtuma makamu wake kuufungua. Murshid, sitamdhulumu, adabu anazo. Alimpokea Salvatory ngazini, akamketisha meza ya mbele, akamwekea chupa ya maji na maua ya plastiki. "Mheshimiwa Makamu, karibu." Salvatory akasimama na shati lake lilelile, akasema maneno mazuri ya umoja. Tukampigia makofi. Nilidhani, Mungu wangu, yamekwisha.

Murshid akashika kipaza sauti. "Tunamshukuru mgeni rasmi. Sasa tunamwomba atupishe, ili wanachama wapige kura."

Salvatory alibaki ameketi kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa na hana hakika. Kisha akainuka, akampa Murshid mkono, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi, mwenye mdomo huu.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, chupa yake ya maji mkononi. Ndani wakaanza kuita majina, mmoja mmoja. Nikasikia "Kazija", mara mbili. Sikuinuka. Ndipo simu yake ikalia: mama yake, kutoka Kikwajuni.

"Mwanangu! Ati umechaguliwa mkubwa huko?"

"Ndiyo, mama."

"Nani wamekuchagua? Watu wetu?"

Salvatory akautazama mlango uliofungwa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Watu wetu wenyewe."

Yule bibi akapiga kigelegele, kikasikika ngazi nzima.