Jani la Isale

Juzi nilimkuta binti wa dada yangu anaandika kazi ya shule, "I am afraid of snakes", kwamba anaogopa nyoka. Nikatoka nje kidogo.

Sisi tulipofundishwa "afraid of", kule Mwika, mwalimu alituita ubaoni mmoja mmoja. Mimi niliandika "I am afraid of my father", yaani namwogopa baba yangu. Mwalimu akasoma kwa sauti, akaweka vema kubwa.

"Safi kabisa! Mpigieni makofi!"

Wakanipigia. Nikaamini amenisikia, na kwamba jioni ile atakuja kuongea na baba. Kwetu anayekwenda kuomba msamaha au kumwombea mwenzake hushika jani la isale. Mwalimu hakuwa Mchagga, nikaona huenda halijui. Basi nikamchumia moja kwenye uzio, nikakaa nalo mlangoni. Kwa jirani walikuwa wanamenya kahawa, harufu yake tamu-chachu ikinifikia. Kila kishindo njiani nilidhani ni chake.

Sitaki kumwonea mwalimu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa sahihi. Labda hata mimi ningeweka vema, sijui.

Aliyekuja ni baba, ananuka pombe ya mbege. Akaliona jani.

"Isale la nini hilo? Umemkosea nani wewe?"

Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

"Nimekukosea wewe, baba."