Pipa la Maji ya Mvua

Kila shira ya sukari ikiungua jikoni, mwanangu, mimi huikumbuka siku moja ya ujana wangu, na wajukuu hushangaa bibi yao anavyocheka huku machozi yanamtoka. Leo nitakusimulia, maana juzi nilikuona uani na gari lako jipya. Ulilisugua vioo, ukalisugua milango, ukalisugua hata magurudumu ambayo kazi yake ni kukanyaga matope. Boneti hukuigusa. Nikasema moyoni, haya, yameanza tena.

Miaka ya hamsini motokaa zilikuwa chache huku kwetu Galu. Mimi nilikuwa nimeolewa na Athumani, Mungu amrehemu, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetimia. Athumani alikuwa na mjomba wake, Mjomba Juma, aliyeendesha magari ya shamba la miwa kule Ramisi mpaka akaota mvi. Alipoacha kazi alinunua motokaa kuukuu, nyeusi, akawa anaitunza kama mboni ya jicho.

Akishaswali alfajiri, kabla hata ya chai, Mjomba hufungua boneti injini ingali baridi. Hutazama maji ya rejeta. Huchomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, kisha akakichomoa mara ya pili na kukitazama vizuri, kwa maana mara ya kwanza kijiti hudanganya. Hutazama mafuta ya breki na maji ya betri. Palipopungua hujaza kidogo, hadi alama, wala hazidishi. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka kwamba analiamkia gari kabla ya mkewe.

Sasa sikiliza hapa, maana kisa chote kimo humu. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Kuogea utaogea, lakini chai yake utainywa kwa adabu tu. Mjomba alikuwa akisema chumvi ile hula rejeta kama inavyokula mabati ya nyumba za pwani. Kwa hiyo aliweka pipa chini ya mchirizi wa paa, akakinga maji ya mvua, akalifunika, na maji yale yalikuwa ya gari peke yake.

Ikatokea akaitwa Kibuyuni kwa dada yake mgonjwa. Gari hakwenda nalo. Alimwita Athumani, akamkabidhi ufunguo.

"Mkeo yu karibu kujifungua," akamwambia. "Nakuachia gari kwa ajili yake. Kila asubuhi lifungue ulitazame. Na maji ya pipani ni ya rejeta, usije ukayachezea."

"Nimesikia, Mjomba."

Alisikia kweli, ila kusikia na kushika ni watu wawili. Athumani aliosha gari lile kwa maji ya kisima, lilipokauka likabaki na michirizi myeupe ya chumvi juu ya rangi nyeusi. Akakasirika. Kesho yake akaliosha kwa maji ya pipani, likang'aa. Basi ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Watoto wa jirani walikuja kujitazama mlangoni na kutoa ndimi. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti. Pipa likaisha, na boneti haikufunguliwa hata siku moja.

Uchungu ulinianza asubuhi. Mkunga wetu, Bi Mwanatumu, akaniminya tumbo, akaniminya tena. Nilimwona uso ukibadilika.

"Mtoto kalala upande," akamwambia Athumani. "Hili si la mikono yangu. Mpeleke Msambweni sasa hivi, ama utawakosa wote wawili."

Wakanilaza kiti cha nyuma, Bi Mwanatumu akanipakata kichwa. Athumani akawasha gari, tukaondoka. Tulipopita Mwabungu nikasikia mbele kunachemka kama sufuria ya muhogo, kisha mvuke ukapanda mpaka njia haionekani. Gari likasimama. Athumani akaruka nje, na kwa ule wahaka wake akafungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu. Maji ya moto yakamrukia, ngozi ya kiganja ikabambuka. Nilimsikia akipiga ukelele, nikasahau uchungu wangu kwa muda.

Pale jirani palikuwa na kisima, lakini cha chumvi. Hapo ndipo wasia wa mjomba wake ulipomjia, tena umemjia kichwa chini. Juu ya mnazi alikuwapo mgema anashusha tembo lake. Athumani akampigia kelele: "Kaka, niangushie madafu! Mke wangu ananifia!"

Usicheke. Alifikiri vyema kwa mtu aliyechanganyikiwa: madafu ni maji matamu, hayana chumvi. Mgema, kwa huruma zake, akaangusha dafu juu ya dafu, akashuka akayafungua, wakangoja injini ipoe kidogo, wakaijaza rejeta. Gari likakubali. Tukaenda, na ndani mkajaa harufu ya shira inayoungua, mpaka povu likaanza kutoka mbele. Karibu na Gazi likakohoa, likafa kabisa.

Bi Mwanatumu alikimbia kwenye nyumba ya kwanza, akarudi na wanaume wamebeba kitanda cha kamba. Wakanilaza, wakanifunika leso kwa ajili ya jua, wakaniweka mabegani. Wewe wajua ada yetu: mtu akiona jeneza njiani hulifuata, hata akipata kubeba hatua chache, maana ni thawabu. Basi kila aliyeuona msafara ule aliacha jembe lake, akaja mbio kupokea, hali anasoma "La ilaha illa Llah." Wabebaji walikuwa wakihema, hawakupata nafasi ya kueleza. Nikaguna kwa uchungu, na jamaa mmoja aliyeshika upande wa kichwani akashtuka nusura aniangushe.

"Jamani! Maiti wenu anaguna!"

"Ni hai mimi," nikamwambia. "Nakwenda kuzaa."

"Kumbe! Basi vumilia, dada. Enyi, kazeni mwendo, huyu yu hai!"

Wakakimbia, mwanangu. Watu nisiowajua kwa jina wala kwa sura walikimbia na mimi mabegani, wakipokezana, mpaka Msambweni. Athumani peke yake hakukubali kupokewa. Alibeba kwa bega moja, mkono umeungua, analia waziwazi kama mtoto, wala hakuona haya.

Hospitali walinipasua. Nilipozinduka nikasikia mtoto analia, na sijasikia sauti tamu kama ile tena. Daktari alisema tungalichelewa kidogo zaidi, asingalikuwa na la kufanya.

Mjomba Juma alifika kesho yake, habari zimemkuta njiani. Athumani akapiga magoti barazani. "Mjomba, nimekuharibia gari lako."

"Sikuulizi gari," Mjomba akasema, taratibu, wala hakupandisha sauti. "Gari nilikuachia kwa ajili ya watu. Ulilisugua mpaka ukauona uso wako, hukulifungua ukaiona hali yake. Inuka. Nionyeshe huo mkono." Akamfunga upya kitambaa mwenyewe.

Gari walilivuta mpaka nyumbani. Walipofungua boneti walikuta sisimizi wamejipanga kuifuata sukari. Waliisafisha rejeta kwa siku nyingi, Athumani akitumia mkono mmoja. Tangu hapo, mpaka anakufa, hakuwasha gari kabla ya kulifungua. Na akishafunga boneti huja mlangoni akaniuliza, "Na wewe, mama watoto, umeamkaje?" Nami nilikuwa nikimjibu ukweli, kwa sababu nilijua anauliza kweli.

Basi shika haya, mwanangu. Gari lako lifungue asubuhi lingali baridi, limesimama pahali pa sawa. Kijiti cha oili kifute kwanza ndipo ukiamini. Mafuta ya breki yakipungua tafuta yanakokwenda, usijaze tu ukanyamaza. Kifuniko cha rejeta usikiguse kingali cha moto, hata ukiwa na haraka ya namna gani. Mimi nililala miaka mingi kando ya kiganja chenye kovu. Maji ya rejeta yawe matamu, na ya akiba yaachwe pale pale yalipo. Ukishamaliza, ingia ndani uwatazame na watu wako vivyo hivyo, kwani nao hupungua kimya kimya.

Mungu akubariki wewe na safari zako. Akujaalie watu wa kukubeba siku ya dhiki, kama alivyonijaalia mimi. Na siku watakapokubeba, isiwe ni kwa sababu ya jambo ulilokabidhiwa asubuhi ukaliacha.