Maharage mabichi yalivyomponza shemeji yangu Runzewe

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mtu humu kasema maharage anayachemsha nusu saa tu na kuyala. Nimekumbuka jambo la nyumbani, nalisimulia bila kuongeza chumvi.

Ni Runzewe, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Kaka yangu Masanja alikuwa ametoka kuoa binti wa Kishapu, anaitwa Kabula.

Siku hiyo majirani walikuja kutusaidia kulima. Mama alikuwa shambani, Kabula kaachiwa jiko peke yake. Ugali wa muhogo na maharage mekundu.

Kwao alizoea choroko, ambazo huiva haraka. Kuni zilikuwa mbichi na watu wana njaa. Maharage yalipolainika kwa nje, akapakua.

Yalikuwa yanagoma kwenye meno. Tukala hivyo hivyo, njaa ya jembe mnaijua.

Baada ya muda watu wakaanza kutapika. Mimi nilitapika mpaka nikabaki natoa maji machungu.

Tatizo ni kwamba Kabula alikuwa hajala, alikuwa bado anahudumia wageni.

Shangazi, dada yake baba, akasema mbele ya wote, "Katuwekea sumu huyu! Masanja, mrudishe kwao kabla hatujazika mtu."

Enzi hizo neno kama hilo liliweza kumtoa mtu roho. Kuna wanaume walishashika fimbo.

Kabula analia, "Mayu, sijaweka kitu." Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Mama naye alikuwa hajala, ndiyo kwanza anafika kutoka shambani. Akatoa harage moja chunguni, akalibonyeza. "Hili bichi," akasema.

Hakubishana na mtu. Akaongeza maji, akatafuta kuni kavu, akachemsha mpaka yakawa yanapondeka. Akajipakulia, akakaa katikati ya ua, akala mbele yao. Kabula naye akala.

Tukawa tunawatazama tu.

Mpaka taa inawashwa, wote wawili wazima. Wagonjwa nao wakaanza kupata nafuu. Wenye fimbo waliondoka bila kuaga.

Shangazi alibaki. Akavuta kigoda, akasema, "Kabula, nipakulie na mimi."

Basi wakuu, maharage loweka, mwaga yale maji, chemsha kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Kulainika nje siyo kuiva.

Kama nawe chakula kibichi kilishakuletea balaa nyumbani, tupia hapa tusome.