Kijiko cha Kwanza

Kibanda changu cha maziwa kule Nyamirambo kilikuwa na benchi moja, jiko la mkaa na sufuria mbili: moja ya maziwa ya moto, nyingine ya mtindi. Watu huniuliza nilidumuje miaka ile ya vita, wakidhani nilikuwa na mtaji. Mtaji gani, jamani! Nilikuwa na kijiko.

Maziwa yalitoka ng'ambo ya mto Nyabarongo kwa baiskeli. Aliyeyaleta alikuwa mzee mmoja, huyo huyo tangu nifungue. Zamani alifika alfajiri. Vita vilipoanza mwaka wa tisini, wanajeshi wakaweka bariyeri, kizuizi cha ukaguzi, darajani, na kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake halikuwapendeza. Wakimweka juani, maziwa nayo yako juani. Ndipo nikajifunza kuchemsha kijiko kimoja kwanza. Yasipokatika mabonge, namimina yote sufuriani. Yakikatika, siyapeleki motoni ng'o. Nayaacha yagande, kesho nayauza mtindi. Wateja wa maziwa ya moto walinuna wakaenda zao, lakini sikumwaga hata tone.

Tatizo ni kwamba kijiko kilinipa na habari nisiyoitaka: mzee kawekwa juani tena.

"Leo tairi limepata pancha, mama," mzee angesema, macho chini.

Pancha mara tatu kwa wiki! Mimi mtoto? Magoti ya suruali yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, ya mtu aliyepigishwa magoti. Lakini niliogopa kumwuliza. Akiona aibu akaacha kuja, nimekwisha mimi na wanangu. Naye, nadhani, aliogopa nitafute mwingine.

"Maziwa yako mazuri tu, mzee," nilimjibu, kijiko chenye maziwa yaliyokatika nimekificha nyuma ya jiko. Tukadanganyana hivyo miezi na miezi. Kila asubuhi nilitega sikio mpaka nisikie kengele ya baiskeli.

Siku moja kengele haikulia. Kabla jua halijatoka alikuja mwanamke kwa miguu, dumu kichwani, vumbi hadi magotini. Akasema yeye ni mke wa mzee.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Walimbakiza darajani jana akirudi nyumbani, dada. Mimi wameniacha nipite." Akatua dumu, akashika kiuno. "Alishaniambia, siku akikosa kurudi, maziwa yasikose kufika. Wateja wako watakukimbia. Akasema pia nikuambie usihangaike na kijiko. Nikitoka mapema hayatakatika."

Yewe! Kumbe alijua. Siku zote hizo alikuwa akijua.

Hata hivyo nilikiweka kijiko motoni. Yakachemka mazima, meupe, povu likapanda. Benchi lilijaa asubuhi ile. Watu wakanywa, wakasifu, wakaongeza kikombe.

Mama yule aliendelea kuniletea. Mzee sikumwona tena. Na kila alfajiri nilipochemsha kijiko cha kwanza, nilitamani yakatike kama siku zile za mzee.