Mapichi ya Ersilia Hayabonyezwi

Kila Alhamisi ya soko, kwa miaka arobaini na sita, Ersilia ametandaza matunda yake chini ya mnara wa saa, na hata padri hajawahi kuyagusa. Mteja husema atakula lini, basi. Ya mchana huo Ersilia huyatoa upande wa kushoto, ya Jumapili upande wa kulia.

Sasa akatokea bwana mmoja wa Milano, aliyepanga vyumba juu ya duka la mikate kwa likizo ya wiki moja. Salamu hakutoa. Akachukua pichi, akalibonyeza, akalirudisha. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Alipofika la saba, Ersilia alikuwa ameshachemka.

"We baba, unakamua ng'ombe?"

Wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko. Yule bwana akaiva uso. "Mama, si nachagua tu? Pesa ni yangu."

"Na hayo saba uliyoyaponda nimpe nani, nguruwe? Hapa wewe unataja siku, mimi nachagua!"

"Nitajuaje kama hunipi mabovu?"

Ersilia akajifuta mikono kwenye aproni polepole, akampandisha na kumshusha kwa macho.

"Nikikupa bovu, Alhamisi ijayo nitakuwa papa hapa, na yeyote ataweza kuja kunitukana mbele za watu. Wewe uliyeyaponda ya kwangu, Alhamisi ijayo nikufuate wapi?"